Vikadi vya Jumatano

Jumatatu, 12 Januari 2004

Barua imefika! Baba ameisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, halafu akanipa mimi niisome kwa sauti. Sikuweza. Nikaisoma kimya, nikamrudishia. Akasema ahsante, Mwanakheri, kana kwamba nimemsaidia.

Yaliyomo: mdogo wangu Mwanaima yumo katika orodha ya watoto wa kupelekwa India kutengenezwa moyo. Madaktari wa huko watakuja Dar mwezi wa tatu kuwapima kwa mara ya mwisho. Mtoto atasindikizwa na ndugu mmoja. Mmoja tu.

Mwanaima ana miaka tisa. Homa ya viungo ilimpata akiwa na sita. Ikatoka magotini, ikabaki moyoni. Akipanda mlima wa kisimani anasimama mara nne kupumua. Mdomo hausimami hata mara moja.

Mama yuko Mbekenyera na ufuta wake mpaka mvua ziishe. Baba analinda ghala la korosho, hana likizo. Tumebaki wawili: mimi, na Shangazi Mwamina, aliyetoka Lindi na bunda lake la vitenge mara tu aliposikia neno India. Baba ameamua kwamba atakwenda anayeweza kusema na madaktari. Shangazi akanitazama, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akasema, basi kaka, safari yangu hiyo, maana huyu hata kuku akimdonoa hasemi shii.

Ni kweli. Nimemaliza kidato cha nne, na katika ripoti zote nane walimu wameandika neno moja: hajibu. Lakini mwaka jana Mwanaima alipolazwa, Shangazi ndiye aliyekaa naye wodini. Alimwambia daktari kuwa mtoto ana miaka sita. Alisema hana chakula kinachomdhuru, na dagaa humvimbisha macho! Na uji wa mtoto aliula yeye. Mtoto mwenyewe ameniambia. Mtu huyu asifike India.

Ufumbuzi nimeupata nikiosha masufuria. Nitajifunza Kihindi. Katika Kiswahili kila mtu anajua kuwa sisemi. Katika Kihindi hakuna anayenijua.

Jumatano, 14 Januari 2004

Siku ya sindano. Ni kila baada ya wiki nne, Jumatano asubuhi, na dirisha la sindano hospitalini hufungwa saa sita. Dawa nzito kama uji wa ulezi. Mwanaima alipiga kelele, halafu akamwambia Nesi Dionisia kwamba na wewe siku yako inakuja. Nesi alicheka, akaandika tarehe kwenye kadi, akatia saini: D.M. Akaniambia, wewe dada mtu, usipitishe hata moja, sindano hii ndiyo inayoizuia homa isirudi kuutafuna moyo. Nikaitikia kwa kichwa.

Wakati wa kurudi tulipita banda la video. Mzee Adinani hutoka Nachingwea kila Jumatano na jenereta yake, akaonyesha filamu ya Kihindi na kuitafsiri yote kwa kipaza sauti, waume kwa wake, mpaka na mbwa. Asubuhi hana kazi, anaunganisha nyaya tu. Hakuna mwingine ajuaye Kihindi toka hapa mpaka Nachingwea.

Nitaanza na vitenzi vya wakati uliopita, na nitaishia hapo hapo. Daktari huuliza yaliyopita. Alikula nini? Alianza lini? Alilala? Wakati ujao ni kazi yake yeye.

Jumatano, 21 Januari 2004

Somo la kwanza. Nimekata vikadi arobaini kutoka ramani ya Afrika Mashariki niliyoichora kidato cha tatu kwenye karatasi ya manila. Upande mmoja Kihindi, upande wa pili Kiswahili na kipande cha Ziwa Nyasa.

Nilisimama nyuma ya mlango wa banda mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanaima akachoka, akaingia. Nikamsikia: shikamoo babu, dada yangu anataka Kihindi lakini anaogopa. Mzee akajibu kwa sauti ile ile ya jambazi wa filamu, aingie, nani amewahi kuumwa na Kihindi? Sikuingia. Mpango ukajitengeneza wenyewe: Mwanaima anauliza ndani, Mzee anapaza sauti, mimi nje naandika.

Gaya, alikwenda. Roya, alilia. Bhaga, alikimbia. Akiwa mwanamke mkia unabadilika: gayi, royi, bhagi. Rahisi!

Tatizo ni kwamba Mzee anajua vitenzi vya filamu tu. Aliua. Alisaliti. Alichoma nyumba. Mwanaima alipomwuliza "alikohoa" alifikiri sana, akasema kwenye filamu hakohoi mtu ila yule ambaye hataiona kanda ya pili. Akatupa badala yake "alifia mikononi mwangu." Nimekiandika, lakini nimekiweka chini kabisa.

Jumla ya vitenzi: kumi na tisa. Waliokufa ndani yake: saba.

Jumapili, 1 Februari 2004

Idd. Wageni wengi. Shangazi ameviona vikadi vyangu juu ya kabati, na kwenye pilau akatangaza kuwa hata yeye anajua Kihindi, alipika kwa Mhindi Lindi miaka miwili. Akatuonyesha: acha, chapati, sari, sambusa. Wageni wakapiga makofi! Kwa sambusa!

Baba akasema, haya Mwanakheri, na wewe tupe. Nilikuwa na vitenzi sabini na sita. Nikafungua kinywa. Shangazi akasema jamani msimsogelee, atazirai. Nikainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nyuma ya nyumba nilisema vizuri sana, vyote sabini na sita. Nilitaka kumwambia mbuzi, lakini ndiye tuliyekuwa tunamla. Nikauambia mtungi.

Niliporudi, Mwanaima alikuwa amesimama katikati ya mkeka anavisema vikadi vyangu kwa kichwa, na mikono akiitupa kama malkia. Baba alifuta machozi. Shangazi alisema mtoto huyu kipaji amerithi kwake.

Jumatano, 11 Februari 2004

Siku ya sindano, na siku ya bahati. Wiki iliyopita Mzee Adinani alimtuma Mwanaima aniambie kuwa amepata filamu ambayo mama anaumwa mwanzo mpaka mwisho. Vitenzi vya ugonjwa vyote vimo humo. Ataipitisha asubuhi kwa ajili yetu tu, maana kanda inarudishwa kwa mwenyewe mchana huu huu. Nikapanga: kwanza banda, kisha hospitali kabla ya saa sita.

Filamu ina urefu wa saa tatu. Mama yule alianguka mapema, lakini kufa hakuwa na haraka. Aliimba mara mbili. Nilikaa mlangoni nikiandika mpaka kidole kikaota lengelenge. Vitenzi vipya kumi na vinne! Alianguka, alitetemeka, alikataa dawa.

Tulifika dirishani saa saba kasoro robo. Limefungwa. Mwanaima aliruka kwa furaha mara moja, akalazimika kukaa chini kwenye tope atafute pumzi. Nilimfuta. Nikamwambia asijali.

Jumatano nyingine ipo.

Alhamisi, 12 Februari 2004

Hapana, nimeona ni vibaya. Nimempeleka leo. Nesi Dionisia alikuwepo, anakunja pamba. Akauliza, enhe, mna shida gani? Nilihitaji maneno sita. Nilikuwa nimeyahesabu njiani: jana tulichelewa, naomba sindano yake leo.

Nikasema, hakuna.

Mwanaima ambaye humjibu hata imamu, leo naye alinyamaza. Anajua maslahi yake. Njiani alinishika mkono na kuniambia mimi ni dada mzuri kuliko wote Ruangwa.

Jumamosi, 21 Februari 2004

Balaa! Jumatano iliyopita tulikwenda tena bandani, maana Mzee alikuwa ameahidi vitenzi vya hospitali. Na leo Shangazi, bila kuulizwa na mtu, amesema anataka kuiona kadi ya sindano. Msindikizaji lazima azijue karatasi za mgonjwa wake. Mgonjwa wake!

Nilisema naitafuta. Chumbani nikachukua kalamu ya buluu. 11/2/04. D.M. Ile M ya Nesi ina mguu mrefu mwishoni, nikauvuta vile vile. Si uongo. Nimeishikia sindano nafasi tu, yenyewe itakuja kukaa.

Shangazi alivaa miwani, akaitazama kadi juu mpaka chini, akasema safi. Mwanaima alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 10 Machi 2004

Siku ya sindano tena. Nimefikiri tangu alfajiri na nimeona hatuwezi kwenda. Tukienda, Nesi ataikuta saini yake ambayo hakuitia. Atauliza. Akiuliza nitatakiwa kujibu. Kwa hiyo tulikwenda bandani.

Kisha nikaandika 10/3/04. D.M. Safari hii mguu wa M ulitoka vizuri zaidi.

Vikadi sasa ni mia mbili na kumi na viwili. Afrika Mashariki imekwisha, nimeanza kukata jedwali la elementi. Mimi navijua kwa macho. Mwanaima anavijua kwa sauti. Tukiunganishwa tunakuwa mtu mmoja anayejua Kihindi, lakini India anakwenda mmoja na msindikizaji mmoja. Kumbe hesabu inakubali! Mbona Baba haoni?

Wakati wa kurudi Mwanaima alisema magoti yanamuuma. Nimepata kikadi kizuri kwa hilo: dard hua, maumivu yalitokea. Nilimwambia akirudie. Akakirudia, akakaa chini.

Jumatatu, 15 Machi 2004

Hakuamka. Yaani aliamka, lakini hakuinuka. Magoti yamejaa, ya moto, hayaguswi. Anapumua kama aliyetoka kukimbia na hajatoka kitandani. Baba alimfunga kwa kanga kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye tope la mvua, mimi nikamshika mgongo, Shangazi nyuma na mwavuli.

Nesi Dionisia hayupo, yuko semina Lindi. Daktari ni mgeni, kijana, Kiswahili chake cha Kanda ya Ziwa. Alimpima kwa muda mrefu. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemshika mtoto, akauliza: sindano zake, kuna aliyokosa?

Nilijua kila kitu. Siku, saa, filamu. Yote yalikuwa mfukoni mwangu, yamepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa mpira. Daktari alisubiri. Alikuwa na subira, sitamsahau. Nikaangalia viatu vyake.

Shangazi akasema, hata moja, daktari, kadi hiyo hapo, sisi si watu wa mchezo.

Daktari akaitazama kadi, akakuna kichwa. Akasema basi hata yeye haelewi, dawa imeingia na homa imerudi. Akaandika hivyo hivyo kwenye barua ya kwenda Dar. Wanaondoka kesho kwa basi, madaktari wa India wamekwisha fika. Anakwenda na Shangazi. Baba alisema hakuna wakati wa kuchagua.

Jumanne, 16 Machi 2004

Nimepata njia! Asubuhi kabla ya basi nimeandika kikadi cha mwisho, kwa herufi kubwa: Hum nahin gaye. Do baar. Galti meri thi. Hatukwenda. Mara mbili. Kosa lilikuwa langu. Sentensi ya tatu ni ya filamu yenye hakimu, inatoka moyoni sana.

Uzuri wake ni kwamba Shangazi hawezi kukisoma. Daktari wa India atakisoma, atajua kuwa dawa haina kosa, atatibu vizuri, na hakuna mtu Ruangwa atakayesikia. Nimekitia kwenye mfuko wa gauni la Mwanaima. Nimemwambia ampe Mhindi, si mwingine.

Akauliza, kwa nini usiandike Kiswahili? Nikamwambia yeye ni mtoto. Akauliza, kwa nini usimwambie Baba, si yule pale? Baba alikuwa hatua tatu kutoka tulipo, anafunga sanduku kwa kamba. Nikamwambia apumue, asiongee.

Basi lilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani. Midomo yake ilikuwa ya buluu kidogo. Akapaza sauti mbele ya stendi nzima: Gayi! Gayi! Gayi! Alikwenda. Watu wakacheka. Mkia alikuwa ameuweka sawasawa, wa kike.

Jumapili, 4 Aprili 2004

Wamerudi. Mwanaima amebebwa kutoka stendi. Uso umenyooka, magoti yametulia, ila amekuwa mwepesi kama kapu tupu.

Shangazi aliniita uani. Alisimama mbali na dirisha la Baba. Akanieleza.

Daktari alikuwa mtu wa Madras. Mwanaima akampa kikadi. Akakigeuza, akakuta upande wa pili elementi ya kloridi au kitu kama hicho, akamwita mwenzake, wakacheka. Akasema kwa kupitia nesi kuwa hii ni lugha ya filamu, ya watu wa kaskazini, kwao wao husema Kitamili. Akamrudishia kikadi na pipi juu yake.

Halafu akauliza swali lile lile. Shangazi akatoa kadi ya sindano. Na Mwanaima, pipi ikiwa shavuni, akasema kwa Kiswahili: mbili hatukwenda, daktari. Dada alikuwa anasoma Kihindi. Hizo saini kaandika mwenyewe, anajua kuiga.

Shangazi alisema alitamani sakafu impokee.

India imesimama. Moyo umechomwa tena, hauwezi kupasuliwa ukiwa na moto. Walimchoma sindano tarehe ishirini na nne. Sasa ni miezi sita ya sindano bila kukosa. Madaktari watarudi mwezi wa kumi. Ikikosekana moja, nafasi yake atapewa mtoto mwingine, na Shangazi anasema daktari hakusema kuwa kutakuwa na nafasi ya pili. Alisema jambo jingine kuhusu moyo wenyewe. Shangazi hakulimaliza. Alivuta ushungi akajifuta pua.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alisema hajamwambia Baba. Utamwambia wewe, Mwanakheri, kwa mdomo wako huo huo, kwa Kiswahili. Yeye Alhamisi anarudi Lindi. Sindano nitampeleka mimi, kwa sababu hakuna mwingine.

Nimemwuliza Mwanaima kuhusu uji. Amesema safari hii Shangazi alimpa na wa kwake.

Jumanne, 20 Aprili 2004

Kesho ni sindano ya kwanza ya ile miezi sita. Baba bado sijamwambia. Nilimwandikia kikadi, nikakitia ndani ya kofia yake ya ulinzi, nikakitoa. Nikakitia tena. Nikakitoa. Alipovaa kofia aliniuliza kama nimeishona, maana naishughulikia sana. Nilisema ndiyo.

Nesi Dionisia amesikia yote kutoka Dar. Hakugomba. Alipita hapa Ijumaa, akaizungushia duara tarehe ya kesho kwenye kalenda yetu kwa wino mwekundu, akaondoka bila kunitazama.

Siku zote hizi nimekaa kujiuliza kosa langu lilikuwa wapi. Nimejiuliza kwa ukweli, bila kujihurumia. Leo nimeliona. Lugha! Nilikazana na Kihindi, na madaktari ni Watamili. Mwezi wa kumi wanarudi wale wale. Safari hii msindikizaji atakuwa mtu wa kuwajibu katika lugha ya mama yao, na wataelewa yote, na kila kitu kitanyooka.

Na Mungu hamtupi mja wake. Misheni ya Nachingwea kuna sista mmoja wa kutoka Madras, amekuja miezi miwili tu, keshokutwa anarudi kwao. Kesho gari lao linapita hapa Ruangwa kuchukua mahindi, litasimama kanisani asubuhi, litaondoka saa tano. Ni mara hii au basi. Nimekwisha kata vikadi sitini kutoka boksi la sabuni. Wakati uliopita tu.

Mwanaima atauliza, mimi nitaandika. Amekubali haraka sana. Ameuliza kama sista ana pipi, na kama ni kweli tutaanzia kwa sista ndipo twende kwenye sindano. Nikamwambia ndiyo. Kutoka kanisani mpaka hospitali si mbali. Mlima wa kisimani zamani alikuwa anasimama mara nne, sasa sijui mara ngapi, lakini nitamweka kwenye baiskeli. Dirisha linafungwa saa sita. Tutawahi.

Na tusipowahi, Jumatano nyingine ipo.